Mikono ya Shilingi Ishirini

Sarafu haichafui mkono mara moja. Ukipokea kumi, huoni kitu. Ukipokea hamsini, ncha ya kidole gumba inaanza kuteleza kidogo, kana kwamba umeshika mshumaa. Ukifika mia tatu, gumba na vidole viwili vinavyofuata vina rangi ya risasi ya penseli, na weusi umeshaingia kwenye ile mistari midogo ambayo polisi huitafuta wakikuchukua alama. Sabuni ya kufulia inautoa nusu. Nusu iliyobaki unalala nayo. Harufu yake si ya chuma hasa. Ni ya chuma kilichokaa mfukoni mwa mtu, na mtu huyo alikuwa na jasho, tumbaku na karanga.

Haya sikufundishwa chuo kikuu. Chuo kikuu nilifundishwa nadharia za fedha katika jamii, tena nikafaulu vizuri, bila mtu yeyote kutaja vidole. Vidole nilivijua nikiwa na miaka ishirini na mitano, nimekaa kwenye stuli mlangoni mwa choo cha kulipia, pembeni ya soko, Arusha mjini, nikipokea shilingi ishirini kwa kila mwenye haja, iwe ndogo iwe kubwa.

Choo kilikuwa cha mama yangu. Hakukijenga, alikikodi. Zilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipoachia biashara, na kila kilichokuwa cha umma kilikuwa kinatafutiwa mtu. Kiwanda alichofanyia kazi baba kilifungwa. Baba akapewa kiinua mgongo na barua ya shukrani, akarudi Kilimanjaro kuangalia kihamba, shamba la migomba la familia. Mama alibaki nyumbani kwetu Kijenge, hapohapo Arusha, na mashine yake ya kufuma masweta ya shule. Kisha mitumba ikaingia. Sweta la mtumba lilikuwa zito kuliko la mama, bei yake ilikuwa chini, na lilikuwa na vifungo vya ngozi. Mama alinunua moja, akalifumua alasiri nzima akitafuta kasoro, hakuiona, akaifunika mashine yake kwa shuka. Haukupita mwezi, wakubwa wa mji wakatangaza kwamba vyoo vya soko vitakodishwa kwa watu binafsi. Walioomba kile cha kwetu walikuwa watatu. Wanaume wawili walijitoa walipokwenda kukiona. Mama alikwenda kukiona akiwa na ndoo na buti za mpira.

Mimi nilirudi nyumbani mwaka huohuo. Waliotutangulia, mtu akimaliza chuo alipewa barua ya kituo cha kazi. Sisi tulipewa vyeti na nauli. Nilikaa miezi miwili nikisubiri barua ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiiandika, mpaka mama akaniuliza, "Huko unakosubiri kuna kiti?"

Nikasema hakuna.

"Basi njoo usubirie kwangu. Kwangu kuna kiti."

Ndivyo nilivyopata ajira yangu ya kwanza. Wachuuzi wa mitumba waliokuwa wametandaza bidhaa zao mbele yetu walipogundua nimesoma walinipa cheo siku ileile. "Profesa, shikamoo," kijana aliyenizidi umri aliniamkia kila asubuhi, akinidondoshea sarafu kiganjani kutoka juu, kama mtu anayemlisha kuku mwenye hasira. "Leo mtihani mgumu. Niongezee karatasi." Wengine walitaka kupunguziwa. "Dada, yangu ndogo tu, nitoze kumi." Nilianza kueleza kanuni, na mama aliyekuwa ndani akipiga deki akanisaidia kwa sauti: "Mlango ni mmoja na bei ni moja. Ukiona ghali, rudi nayo nyumbani."

Mama hakuona aibu na kile choo. Alikisugua hadi sakafu ikarudia rangi ambayo hata waliokijenga walikuwa wameisahau. Kilichomuumiza kilikuwa kitu kingine, na ilinichukua muda kukiona, kwa sababu mimi nilikuwa nimezama katika kujionea huruma.

Mama alikuwa mtu wa sufuria kubwa. Katika usharika wetu, chakula cha harusi, cha msiba na cha kipaimara hupikwa na akina mama wenyewe, na kila mmoja ana nafasi yake, inayojulikana bila kuandikwa popote. Yupo wa wali, yupo wa nyama, yupo wa kachumbari. Mama alikuwa wa machalari, zile ndizi zinazopikwa pamoja na nyama mpaka zinashikana. Tangu nikiwa mtoto sikuwahi kumwona akiulizwa afanye nini. Alifika, akakaa kwenye ndizi, basi. Wakwe walipokelewa kwa machalari yake na watu wakazikwa kwa machalari yake.

Msiba wa kwanza baada ya kukichukua kile choo, mwenyekiti wa akina mama alimpokea getini. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye duka la vitenge, ambaye hakuwahi kumtukana mtu maishani mwake, na hiyo ndiyo iliyofanya iwe vigumu kupambana naye. Akamwambia kwa upole, "Mama, leo tusaidie upande wa kuni." Harusi iliyofuata akaambiwa asimamie sahani. Iliyofuata tena akaombwa aangalie watoto wasisogelee moto. Hakuna aliyesema lolote. Walimpandisha cheo tu, na kila cheo kilikuwa mbali zaidi na sufuria.

"Wananisogeza," mama aliniambia siku hiyo tukirudi.

"Wamekwambia kwa nini?"

"Wangeniambia ningewajibu."

Alianza kusugua mikono kwa jivu. Nilimkuta karoni asubuhi kabla hatujaondoka na jioni tukirudi, akisugua gumba na vile vidole viwili hadi ngozi ikapasuka kwenye vifundo. Aliniuliza kama weusi umetoka. Nikasema umetoka. Akaviweka karibu na dirisha akaniambia nimesoma lakini sioni.

Hapo ndipo elimu yangu ilipoamka. Niliamua kwamba tatizo lile ni la kisayansi na linahitaji mtu aliyesoma. Uchafu hautoki mikononi, unatoka kwenye sarafu. Tukiuondoa kwenye sarafu, mikono itabaki safi, na akina mama wa usharika watakosa cha kushika. Nilichora hata mchoro. Nilitafuta ndoo ndogo, nikaweka jivu na maji ya ndimu, na jioni baada ya kufunga nikamimina humo mapato ya siku. Baada ya kuzisugua kwa kitambaa nilizisuuza kwa maji yenye ile dawa ya kuua vijidudu tuliyokuwa tukiimwaga chooni, yenye harufu ya msonobari. Kisha nikazianika juu ya sweta la shule ambalo halikuwahi kupata mnunuzi.

Maji ya ndoo yalibadilika yakawa kama maji ya mkaa. Nilifurahi kuyaona. Nilimwita mama aje ayatazame.

"Umekaa chuo miaka mitatu," mama akasema, "uje kuogesha hela."

"Mama, wanasema mikono yako ina uchafu. Tukiutoa huo uchafu, watakuwa hawana sababu."

"Hawajasema. Na sababu hawajaitoa bado."

Lakini aliniachia, nafikiri kwa sababu alikuwa amechoka, na kwa sababu zile sarafu kweli zilipendeza. Za ishirini ziling'aa hadi tembo wake walionekana mikunjo ya ngozi. Kwa wiki tatu niliogesha hela kila jioni kwa bidii ambayo sikuwahi kuionyesha maktaba. Vidole vya mama vilianza kurudia rangi yake. Nilijiona mtu muhimu.

Wa kwanza kunieleza nilichofanya alikuwa muuza mboga niliyezoea kununua kwake. Nilimpa sarafu tatu za mchicha. Aliziangalia, akazileta puani, akacheka kwa urafiki kabisa.

"Hizi za kwenu," akasema.

"Za kwetu kivipi?"

"Si za chooni hizi? Zinanukia kama nyumba ya mzungu." Akachana jani la kabichi, akazifunga humo. "Usijali, dada. Mteja ni mteja. Ila kesho niletee hela ya kawaida, hizi wenzangu hawazipokei."

Nilimwona kama mshamba mmoja tu. Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa, anayehesabu sadaka kila baada ya ibada na ambaye vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa hesabu hiyo miaka yote ninayomfahamu, alitusimamisha nje ya mlango. Alikuwa mtu mwema na alikuwa na habari njema.

"Mama, nilikuwa nataka kukushukuru," akasema. "Sadaka yako siku hizi hainichafui. Nikimwaga kapu mezani naiona palepale, inang'aa peke yake. Nawaambia wenzangu, ile pale ya mama wa soko."

"Unawaambia wenzako," mama akasema.

"Wote wanaijua. Mpaka akina mama waliopita kuleta mayai ya mnada wa kanisa Jumapili iliyopita waliiona."

Mama akamshukuru. Tukatembea hadi nyumbani Kijenge, na njiani nilipata nafasi ya kutosha kulielewa jambo ambalo muuza mboga alilielewa kwa kunusa mara moja. Kabla ya ndoo yangu, shilingi ishirini ya chooni ikishatoka mlangoni kwetu ilikuwa imepotea. Ilikwenda buchani, ikaenda dukani, ikaingia kapuni, na hakuna aliyeweza kuitofautisha na nyingine, kwa kuwa zote zilikuwa na uchafu mmoja. Uchafu huo ndio uliokuwa umetuficha. Mimi nikautoa, tena kwa ndimu za kununua. Mji mzima sasa ungeweza kuhesabu hela yetu ukiwa umefumba macho.

Nilitegemea mama atanisema. Alivua viatu vya kanisani, akakaa, akaangalia mikono yake iliyokuwa safi kuliko ilivyokuwa kwa mwaka mzima.

"Ile ndoo irudishe chooni," akasema. "Wiki ijayo kuna kipaimara kule Maji ya Chai. Tunakwenda wote."

"Watakupa kazi ya viti."

"Wanaweza kunipa."

Kipaimara kilikuwa cha mtoto wa familia ya usharika wetu iliyokuwa imehamia Maji ya Chai kulima. Akina mama tulipanda nyuma ya pikapu pamoja na masufuria, tukashuka kwenye uwanja wa nyumba ambako moto ulikuwa umeshawashwa na mikungu ya ndizi imelazwa juu ya majani. Stuli zilikuwa zimepangwa kuzunguka beseni kubwa jeupe lenye maji. Mwenyekiti alishuka wa kwanza, akagawa kazi akiwa bado anajifunga kitenge. Alipofika kwa mama alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta miwani.

"Mama, wewe leo simamia maji ya kunawa," akasema. "Wageni watakuwa wengi. Kaa pale getini na jagi."

Sijui kama alisikia alichosema. Mimi nilikisikia.

"Maji atayasimamia msomi," mama akasema. "Mimi nimekuja kumenya."

Akavuta stuli, akakaa kwenye duara, akatoa kwenye pochi yake kisu kilichofungwa kwa kitambaa.

"Mama, tulikuwa tumeshapangana," mwenyekiti akasema.

"Pangeni tena."

"Siyo mimi. Ni watu wanaongea."

"Wanasema nini? Nisemee wewe, nikusikie wewe."

Mwenyekiti akainama karibu naye. Alijaribu kunong'ona, lakini hakuwa na sauti ya kunong'ona. "Ni ile kazi, mama. Mikono."

Likawa limesemwa. Niliona mabega ya mama yakishuka, na kwa sekunde moja nikadhani ameshindwa. Kumbe alikuwa amelisubiri neno hilo karibu mwaka mzima. Akaweka kisu chini, akafungua viganja vyake juu ya magoti.

"Hii mikono inashika hela," akasema, wala hakupandisha sauti. "Jumanne ulikuja sokoni. Ukapita kwangu. Ukanipa mia, nikakurudishia themanini. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ulizipeleka wapi?"

Mwenyekiti akafikiri. "Nilinunua nyanya."

Mtu mmoja kwenye duara akaanza kucheka, akajizuia kwa kukohoa.

"Na wewe si ulizila kwake?" mama akamuuliza aliyekohoa. Kisha akamgeukia tena mwenyekiti. "Nyanya uliziosha?"

"Niliziosha, mama. Mimi naosha kila kitu."

"Hata mimi. Mtoto, lete hayo maji."

Nilileta jagi na sabuni. Nilimmiminia mama maji mbele ya wale wanawake wote, naye akanawa hadi kwenye viwiko, polepole, akisugua kila kidole, akasuuza, akanyoosha mikono mbele yake ikichuruzika. Hakuwaomba waitazame. Kisha akamnyooshea sabuni aliyekaa kulia kwake, mama mmoja auzaye dagaa, na huyo hakuwa na la kufanya zaidi ya kuipokea. Nikammiminia naye. Nikaendelea. Nilizunguka duara lote na jagi langu, na sijawahi kuona wanawake wakinawa kwa makini kiasi kile kabla ya kushika ndizi. Mwenyekiti alinawa wa mwisho.

Hata hivyo hakukubali moja kwa moja. Alikwenda ndani akarudi na beseni jingine, la bluu, dogo, akaliweka karibu na miguu ya mama. "Utumie hili," akasema, "usihangaike kuinuka." Lile jeupe lilikuwa hatua mbili tu kutoka pale alipokaa. Kila mtu alielewa. Ndizi za mama zingekuwa na maji yake, na baadaye, bila fujo, zingepata sufuria yake, au zisingepata.

Mama akaanza kumenya. Alikata ncha, akapasua ganda kwa urefu, akalibandua mara moja, akadondosha. Ndizi ya kwanza ikaingia kwenye beseni la bluu peke yake, kisha ya pili, kisha ya kumi.

Bibi wa yule mtoto wa kipaimara, mwanamke wa Kimeru tuliyemwita koko kama mabibi wengi wanavyoitwa huku, alikuwa amekaa kushoto kwa mama. Alikuwa akimenya taratibu, na kila alipomaliza ndizi aliinuka nusu ili aitupe kwenye beseni jeupe. Alifanya hivyo mara nne au tano. Kisha akaiangalia iliyokuwa mkononi, akaangalia lile jeupe, akaidondosha kwenye la mama.

"Koko, la kwako ni lile," mwenyekiti akasema.

"Lile liko mbali." Akachukua ndizi nyingine. "Mimi nina magoti."

"Nikusogezee?"

"Usinisogezee kitu. Hili linatosha." Akadondosha nyingine.

Mpaka leo sijui kama alijua alichokuwa anafanya. Inawezekana ni magoti tu. Muuza dagaa wa upande wa kulia aliangalia kidogo, akaona kazi inakwenda upesi zaidi kule, naye akatupa zake kwenye la bluu. Mimi nikaacha jagi, nikavuta stuli, nikakaa kumsaidia koko. Utomvu ulikuwa umeshaanza kuwatia wote weusi, kuanzia kwenye gumba na vile vidole viwili, weusi mbaya kuliko wa sarafu na mgumu zaidi kutoka, na mimi nilikuwa nikiukodolea macho huku nikitunga kichwani insha nzima kuhusu maana yake.

"Paka mafuta, mtoto," koko akasema, akinisukumia kikopo. "Acha kutazama."

Beseni la bluu lilipojaa, mpishi wa zamu alikuja kulichukua. Akalinyanyua, akasimama nalo mbele ya mwenyekiti. "Hizi niweke wapi?"

Mwenyekiti alizitazama. Zilikuwa ndizi za mama, za muuza dagaa na za koko, zimelala pamoja kwenye maji yaliyokwisha kuwa ya kahawia, na koko mwenyewe alikuwa amekaa pale, nyumbani kwake, siku ya mjukuu wake, akinoa kisu kwenye jiwe. Mama hakuinua kichwa. Alikuwa katikati ya ndizi, na kisu chake hakikusimama. Mimi changu kilisimama.

"Si uweke kwenye sufuria," mwenyekiti akasema. "Kwani zinapikwa wapi?"

Zikaingia kwenye sufuria moja na zile za beseni jeupe. Mama akalivuta beseni tupu kwa mguu, akaendelea.

Sitadai kwamba kila mtu alikula. Wapo waliochukua wali tu siku ile. Niliwahesabu wanne, nikaona naanza tena kufanya utafiti, nikaacha. Mama alikula sahani mbili na kusema machalari zilitolewa motoni mapema mno, maoni ambayo hakuna aliyemwomba. Hakuna pia aliyembishia.

Jioni tulipokuwa tunapakia masufuria kwenye pikapu, mwenyekiti alikuja akashika upande wa pili wa lile kubwa alilokuwa amelishika mama. Vidole vyake vilikuwa vyeusi hadi kwenye kucha. Walilinyanyua pamoja.

"Jumamosi kuna harusi," akasema, akihema. "Ndizi zitakuwa nyingi. Njoo mapema, saa moja tuwe tumeshakaa."

"Saa moja nipo kazini," mama akasema. "Soko linafunguliwa alfajiri, na watu wanaamka na haja zao. Nitakuja saa nne."

Mwenyekiti akafikiri, mkono wake mmoja ukiwa bado kwenye mshikio wa sufuria.

"Basi tutaanza na mchele," akasema.